Punje thelathini na moja: kisa cha mwanafunzi aliyeambiwa hana protini

Ujumbe uliingia Jumapili usiku, nikiwa naosha vyombo. "Shangazi, habari za hapo Arua? Samahani kwa usumbufu. Naomba unisaidie laki mbili na nusu, nimeambiwa mwili wangu hauna protini."

Aliyeandika ni mtoto wa kaka yangu. Yuko mwaka wa pili chuoni Kampala na anakaa hosteli upande wa Kikoni. Huyu si mtoto wa kuomba omba. Tangu aanze chuo hajaniomba zaidi ya nauli ya basi. Kwa hiyo sikukasirika. Nilijipangusa mikono nikampigia.

Aliyemwambia ni kijana anayesimamia jimu iliyo karibu na hosteli. Alimtazama akinyanyua vyuma wiki mbili bila kuongezeka popote, akamwonyesha kopo la poda ya protini. Gramu 900, vijiko thelathini, kila kijiko gramu 24 za protini, bei shilingi 250,000. Mpwa wangu alikuwa na dalili zake pia, na alizitaja haraka haraka kama mtu anayeogopa simu itakatika: anasinzia darasani kila mchana, akisimama ghafla macho yanaingia giza, na ikifika saa nne usiku ana njaa ya kumfanya ashindwe kusoma.

Kazi yangu ni lishe, kwenye kituo cha afya. Watu wangu ni watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, na nimezoea kupima mikono yao kwa utepe wa rangi tatu. Mtu mwenye ndevu aliyeweza kujinunulia chakula sikuwahi kumchambua. Ameniruhusu niandike kisa chake, bila jina lake wala la chuo. Nakiandika kwa urefu kwa sababu nusu ya makosa yaliyomo ni yangu.

Daftari la wiki moja

Nilimwambia sitatuma hata shilingi kabla ya kuona anakula nini. Kwa siku saba aandike kila kinachoingia mdomoni na bei yake, hata pipi. Kila sahani aipige picha kabla ya kuigusa.

Baba yake humtumia shilingi 70,000 za chakula kila Jumatatu kwa simu. Siku yake ya kawaida ilikuwa hivi. Asubuhi chai kavu, ile isiyo na maziwa, na mandazi mawili, shilingi 1,500. Mchana kwenye kibanda nyuma ya hosteli, posho, yaani ugali wa mahindi, na wali kwa maharage, 4,000. Usiku chipsi za 3,500 na soda ya 2,000. Jumla ni 11,000 kwa siku. Zidisha kwa saba, inakuja 77,000, naye anapewa 70,000. Ndiyo maana daftari la Jumapili lilikuwa na mstari mmoja tu: "Chai, mkate wa jirani." Njaa ya Jumapili nilikuwa nimeisoma kwenye hesabu kabla sijafika ukurasa wenyewe.

Picha za mchana ndizo zilizonishika. Sahani imejaa mpaka pembeni. Posho nyeupe kama mto wa kulalia, wali ubavuni, na juu yake mchuzi wa rangi ya udongo. Ukimwuliza amekula nini atakuambia maharage, na hata mimi ningesema hivyo. Jumatano nikamwomba afanye jambo la kijinga: atoe maharage yote kwenye mchuzi, ayapange kwenye ukingo wa sahani, apige picha nyingine. Wenzake walimcheka, lakini alifanya. Nikaikuza picha kwenye simu nikahesabu kwa ncha ya kalamu.

Punje thelathini na moja.

Punje moja ya nambale, aina ya maharage aliyokula, ikiiva ina uzito wa gramu moja hivi. Maharage yaliyopikwa yana protini ya gramu nane hadi tisa kwa kila gramu 100. Punje thelathini na moja basi ni chini ya gramu tatu. Nikamwandikia tatu kwa ukarimu. Posho ile ilitokana na unga wa gramu 130 au zaidi kidogo, protini kumi. Wali nne. Mandazi mawili saba, chipsi sita, soda sifuri. Siku nzima ni gramu 30.

Anahitaji ngapi? Ripoti ya pamoja ya FAO na WHO ya mwaka 2007 inaweka kiwango salama cha mtu mzima mwenye afya kuwa gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito. Yeye ana kilo 61, basi ni gramu 51 kwa siku. Mtu anayenyanyua vyuma kwa nia ya kujenga misuli huhitaji zaidi, kati ya 1.2 na 1.6 kwa kilo, maana yake kwake ni kuanzia 73. Kwa hiyo kijana wa jimu hakudanganya. Protini kweli ilikuwa pungufu, na upungufu wenyewe si wa kutania.

Na gramu zile thelathini zenyewe zilikuwa zimeegemea upande mmoja, karibu zote mahindi, ngano na mchele. Protini ya nafaka ni hafifu katika kiungo kimoja kinachoitwa laisini, ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana laisini tele, ila yana uhaba wa kiungo kingine, methionini, ambacho nafaka inacho. Ndiyo maana posho na maharage ni ndoa nzuri, na wazee hawakuifunga kwa bahati tu. Lakini ndoa inataka watu wawili. Hapa bwana harusi alikuja na nduguze wote, na bibi harusi akatuma picha.

Uganda tunalijua jambo hili kwa uchungu. Ndizi matoke iliyopikwa ina gramu moja tu ya protini kwa gramu 100, na wodi za hospitali ya Mulago zilijaa watoto wenye kwashakoo waliotoka kwenye nyumba zisizolala njaa hata siku moja. Kituo cha Mwanamugimu pale Mulago kilizaliwa miaka ya 1960 kutokana na hilo, na akina mama wakafundishwa kitobero: chakula kikuu, maharage au karanga au samaki, na mboga za majani, vyote vinapikwa pamoja kwa mvuke. Mimi nafundisha kitobero kila wiki, na mpwa wangu anazijua picha za ukutani pale kazini kwangu tangu utotoni. Hakuwahi kufikiri zinamhusu.

Kabla ya chakula, damu

Hapa nilisita. Kizunguzungu na usingizi wa mchana si alama ya protini peke yake. Inaweza kuwa malaria isiyojitokeza wazi, minyoo, upungufu wa damu, maji kidogo, au kukesha na simu. Nikamtuma kituo cha afya akapimwe. Malaria hapana. Himoglobini 12.4, na kwa mwanaume kiwango huanzia 13. Alikuwa na upungufu mdogo wa damu. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma.

Jibu lile lilibadilisha mpango wangu. Nilikuwa nahesabu protini tu. Sasa nilipaswa kuhesabu chuma pia. Chai nayo, anayoinywa pamoja na chakula, huyafunga madini ya chuma ya maharage na mboga yasifyonzwe vizuri. Nilimwambia chai iwe saa moja au zaidi kabla au baada ya kula, na kwenye sahani kuwe na kitu chenye vitamini C: nyanya mbichi, ndimu, chungwa, pasheni. Hili alilitii kuliko yote, labda kwa sababu ni la bure.

Kuna maharage yaliyozalishwa makusudi yawe na chuma na zinki zaidi. NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, ilitoa aina tano mwaka 2016, NAROBEAN 1 hadi 5. Nilimtuma soko la Kalerwe akayaulizie. Muuzaji alimjibu, "Hapa tunauza ya njano, nambale na kanyebwa. Hayo mengine waulize serikali." Basi tukaachana nayo.

Bei ya gramu kumi

Nilimwomba bei za sokoni za wiki ile, nikazigeuza zote kuwa bei ya gramu kumi za protini. Hii ni hesabu ninayompa kila mzazi anayeniambia hana hela ya nyama.

Maharage makavu kilo ni 4,000, na kilo ina protini gramu 220 hivi, kwa hiyo gramu kumi ni shilingi 180. Mukene, wale dagaa wadogo wa Ziwa Viktoria, wakikauka vizuri zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kilo ilikuwa 12,000, basi kama shilingi 220. Karanga, kilo 7,000, ni 280. Yai likinunuliwa kwa trei ya 12,000 linakuwa 400, lina gramu sita, basi 670. Maziwa ya 2,200 kwa lita yanaangukia hapo hapo. Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, kilo 16,000, ni 800. Rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, ya mayai mawili kwa 2,500 ina gramu kama 17, basi ni karibu 1,500, ingawa hapo unalipia pia chapati, mafuta na shibe. Poda ya kopo ni karibu 3,500.

Poda si uongo. Kwa kawaida ni protini ya maziwa, ile inayobaki kwenye maji ya jibini, na ingeziba pengo lake vizuri. Ila kijiko kimoja kwa siku ni zaidi ya shilingi 8,300, yaani karibu hela yake yote ya chakula ya siku, na baada ya mwezi kopo limekwisha na sahani iko vile vile.

Nilifurahia sana hesabu hiyo. Nilimtumia, nikaandika kwa herufi kubwa: NUNUA MAHARAGE. Na hapo ndipo nilipokosea.

Moto haukuwemo kwenye hesabu

Hosteli yao hairuhusu sigiri, yaani jiko la mkaa, na koili za kuchemshia askari huzichukua. Kinachoruhusiwa ni birika la umeme. Kwa hiyo alinunua kilo moja ya nambale, akaloweka usiku kwenye beseni, na Jumapili akayabeba kwa bodaboda hadi kwa rafiki yake Bwaise mwenye sigiri. Mkaa 2,000, bodaboda 3,000 kwenda na kurudi, saa tatu za kusubiri. Akagawana na rafiki, akarudi na sufuria. Jumapili alikula, Jumatatu alikula. Jumanne asubuhi alifunua kifuniko akakuta povu na harufu ya chachu. Hakuna friji chumbani. Akamwaga.

Alitumia 9,000 akapata labda gramu 75 za protini tumboni mwake. Gramu kumi kwa 1,200. Maharage yangu ya shilingi 180 yalimgharimu kuliko nyama.

Nilinyamaza kidogo kwenye simu. Nimekaa miaka nikiwahesabia watu bei ya chakula kana kwamba kila mtu ana jiko, muda, maji na mahali pa kuhifadhi. Mama wa kijijini ana kuni na ana chungu kinachokaa motoni tangu asubuhi. Mwanafunzi wa hosteli ana tundu moja la umeme na kitanda. Kwake protini haiishi kwenye bei ya gunia. Inaishi kwenye bei ya moto. Kuanzia siku hiyo nilipanga upya orodha yangu: nini hakihitaji moto kabisa, nini kinatosheka na birika, na nini mtu mwingine ameshakipika.

Mwenzake wa chumbani, kijana wa Bunia kule Kongo, alikuwa na wazo lake. Weka maharage mabichi kwenye chupa ya chai usiku, mimina maji ya moto, asubuhi yameiva. Nililikataza kwa sauti. Maharage, hasa mekundu, yana sumu asilia inayoharibiwa na maji yanayochemka kwa nguvu. Kwenye chupa joto linashuka, punje zinalainika na sumu inabaki, na mtu anaishia kutapika na kuhara. Yachemke kwa nguvu nusu saa kwanza, kisha ufanye utakalo. Soya nayo ni hivyo hivyo, mbichi hailiwi. Ikaangwe au ichemshwe.

Mukene na majirani

Jaribio la pili lilikuwa mukene, kwa kuwa unaiva kwa dakika chache. Mpwa wangu amekulia kwenye muziri na angara za Ziwa Albert, hana neno na samaki mkavu. Shida ilikuwa korido. Alipomimina maji ya moto kwenye bakuli la mukene, mlango wa tatu ulifunguliwa na mtu akauliza nani anafuga kuku humu. Kuna watu wanaoona mukene ni chakula cha mifugo, na hawajakosea sana, maana sehemu kubwa ya mukene huenda kweli kwenye viwanda vya chakula cha kuku. Lakini kuna mukene na mukene.

Ule wa mifugo mara nyingi umeanikwa juu ya mchanga. Wa watu huanikwa kwenye nyavu au vichanja. Nilimfundisha kwa simu, naye akiwa Kalerwe mbele ya gunia. Chota kiganja kimoja, utikise, urudishe samaki, uangalie kilichobaki mkononi. Kama ni mchanga, ondoka. Rangi iwe ya fedha, si ya kahawia iliyopauka. Vunja mmoja, akivunjika kwa mlio ni mkavu, akipinda ana unyevu na ataota ukungu. Harufu iwe ya samaki, isiwe ya mafuta yaliyochacha.

Suala la harufu lilitatuliwa na mama wa kibanda, ambaye nitamrudia. Alimkaangia kikombe cha mukene bila mafuta mpaka ukakauka kabisa, akautwanga ukawa unga, akamfungia kwenye mkebe. Unga huo hauhitaji tena maji ya moto. Vijiko viwili, gramu kumi na tano hivi, vinanyunyizwa juu ya mchuzi au parachichi na kuleta protini gramu nane. Na kwa kuwa samaki ametwangwa na mifupa yake, kuna kalisi humo, na vitamini B12 ambayo maharage hayana kabisa. Korido haikujua lolote.

Mama wa kibanda

Ni mama wa Kinubi wa kutoka Bombo. Kiganda chake ni cha biashara, Kiswahili chake ni cha nyumbani. Mpwa wangu alimwendea Ijumaa jioni, kibanda kikiwa kitupu. Mazungumzo yao alinisimulia neno kwa neno, na nilimwomba arudie mara mbili.

"Mama, naomba nikija unipunguzie posho, uondoe wali, halafu maharage uongeze sana."

"Kwani posho yangu ina kasoro gani?"

"Haina kasoro, mama. Ni shangazi yangu anahesabu maharage."

"Anahesabu? Huyo shangazi hana kazi?"

"Kazi yake ndiyo hiyo."

Mama alicheka mpaka akakaa. Kisha akampa somo ambalo mimi nisingelipata kwenye kitabu chochote. "Wewe unakuja saa ngapi? Saa nane. Basi sikiliza. Saa sita sufuria yangu ina maharage. Nikiona foleni inakuwa ndefu naongeza maji, nitafanyaje? Saa nane unakula maji ya maharage. Si kwamba nakunyima. Ni saa zako."

Vipindi vyake vilikuwa vinaisha saa nane kasoro siku tatu kwa wiki. Wakakubaliana hivi: Jumatatu analipa 20,000 za siku tano kwa mkupuo, hela ambayo mama ataendea nayo sokoni, na sahani yake itapakuliwa saa sita na kufunikwa. Posho kiasi, wali hakuna, maharage vijiko viwili vikubwa vya upawa vilivyotoka chini, na kidogo cha mboga za majani, dodo au nakati, kikipatikana. Bei ile ile, 4,000. Nilipoletewa picha ya sahani ya kwanza sikuhesabu punje. Nilikadiria kama gramu 180 za maharage. Protini kumi na tano pale palipokuwa na tatu.

Wakati huo huo tuligundua, kwa aibu yangu, kwamba njia yote ya Kikoni jioni ina akina mama wanaouza maharage yaliyokwisha chemshwa, kwa kikombe, kwenye kavera, ile mifuko ya plastiki. Kikombe cha 1,000 ni karibu gramu 300, yaani protini 25 na zaidi. Gramu kumi kwa shilingi 400: ghali mara mbili ya maharage makavu kwenye karatasi, nafuu mara tatu ya yale ya Bwaise. Ile tofauti ya bei ni mkaa wa mtu mwingine na saa tatu za mtu mwingine. Alikuwa amepita mbele yao kila siku kwa mwaka mzima akienda kununua chipsi.

Kosa lake mwenyewe

Baada ya wiki tatu alinipigia akilalamika. Kilo zimeshuka kutoka 61 hadi 59.5, na jimu anaishiwa nguvu. Nikauliza kuhusu posho. Kimya. Kumbe alikuwa ameiacha kabisa. Alisikia posho haina kitu, akaamua kula maharage matupu na mayai kama mabondia wa kwenye video.

Nilikuwa nimemkosea kwa namna nilivyozungumza. Nilipiga vita posho mpaka akadhani ni adui. Mwili usipopata nguvu za kutosha kutoka kwa wanga na mafuta, huichoma protini ile ile kama kuni, na maharage yake ya thamani yanaishia kuwa mkaa. Nilimrudishia posho, nikamrudishia na chapati. Chakula cha kumtia nguvu kilikuwa kizuri tangu mwanzo. Kasoro yake ilikuwa kukaa peke yake.

Siku ilivyokuja kukaa

Asubuhi mayai mawili yaliyochemshwa kwenye birika, kutoka trei wanayochanga wanne, shilingi 800. Mchana sahani ya mama, 4,000. Alasiri vijiko viwili vya odii, siagi ya karanga na simsim (ufuta), niliyomtumia kwa basi la usiku. Usiku kikombe cha maharage, chapati na nusu parachichi, 2,500: kikomando cha kujitengenezea, chenye maharage mengi kuliko cha barabarani. Ukiongeza shilingi 300 za odii kana kwamba ameinunua, jumla ni 7,600. Protini gramu 73. Kwa wiki inabaki 16,800, na hiyo ndiyo inayonunua machungwa, unga wa mukene, na rolex ya Ijumaa ambayo sikuthubutu kuigusa.

Odii niliikaanga mwenyewe, karanga sehemu mbili na simsim sehemu moja, nikasaga. Karanga nilizichambua moja moja kwenye ungo. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu nilizitupa, nisimpe hata kuku, kwa sababu ya sumukuvu. Nasisitiza hapa kwa kuwa siagi ya karanga ya kupimiwa sokoni imeshasagwa, na ukishasaga huwezi tena kuona kilichoingia. Kama huna shangazi kijijini, nunua karanga nzima, uchambue, ukasage mbele ya macho yako.

Hakufuata kila siku. Wiki ya mitihani trei ilidondoshwa kwenye ngazi na hakuna aliyechanga tena kwa siku kumi. Soda imerudi mara mbili kwa wiki. Kijana wa Bunia aliingia kwenye mpango wa mama kwa wiki mbili, akatoka, akisema maharage kila siku ni adhabu na yeye anataka sombe, yaani kisamvu, yenye karanga. Mama sasa anapika sombe Alhamisi.

Baada ya miezi mitatu nilimrudisha kituo cha afya. Himoglobini 13.4. Siwezi kusema ni chakula. Alikuwa anameza vidonge na alipewa dawa ya minyoo, na kazi hiyo huenda ni ya vidonge zaidi. Uzito kilo 63. Usingizi wa mchana umepungua, ila mhadhiri wa Jumanne bado anamshinda, na hilo nadhani si suala la lishe. Jumapili anakula.

Juzi ujumbe uliingia tena usiku. "Shangazi, odii imeisha. Safari hii naomba ufunge kifuniko kwa kavera kwanza. Ile ya mwisho mafuta yalimwagikia daftari la hesabu, ukurasa wote wa punje thelathini na moja hausomeki."

Nimeshakaanga karanga. Basi linaondoka saa mbili.